Nyambura Haoni Watu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yangu alipotaka kumrudisha mke wa kaka yangu kwao kwa kosa la kutosalimia.

Ilikuwa Mau Narok, msimu wa kuvuna viazi, nami nilikuwa bado msichana wa nyumbani. Nyambura, huyo mke wa kaka, alikuwa mtu wa watu. Kisha polepole akaanza kuwapita wazee njiani kama anayepita nguzo za stima. Alipogonga miimo ya mlango kwa debe la viazi, mara kulia, mara kushoto, tulicheka. Lakini siku aliyompita mama langoni, karibu amguse leso, bila neno, hakuna aliyecheka.

"Ameringa," mama akasema jikoni jioni hiyo. "Tangu apate mtoto, huyu haoni watu. Kesho arudi kwa mama yake akafunzwe adabu."

Nyambura alikuwa palepale akimenya viazi. "Mama, ukweli sikukuona."

"Mimi? Na huu mwili wote?"

Kaka alitazama chini. Shosho, mamake baba, aliongea kidogo sana, na akiongea watu walinyamaza. "Wewe umesema haoni watu," akamwambia mama. "Umemuuliza kama anawaona? Kuuliza si ujinga."

Kesho yake tukampeleka zahanati, wakammulika macho kwa tochi. Mboni zote mbili zikanywea vizuri, kama inavyotakiwa mwanga ukiingia. Herufi za ukutani akazisoma zote. Mama akaona ameshinda kesi. Shosho akasema basi twende Nakuru.

Kule daktari wa macho aliketi mbele ya Nyambura, akamwambia amtazame puani tu. Akanyoosha mikono pande zote mbili, akachezesha vidole.

"Unaona vidole?"

"Vidole gani, daktari?"

Mama alijishika mdomo.

Kichwa kikapigwa picha, kisha daktari akatueleza bila haraka. Neva za macho mawili hukutana ndani ya kichwa, nyuma ya pua. Pale nyuzi za kila jicho hugawanyika, nusu zikavuka upande wa pili, na hizo zinazovuka ndizo hubeba habari za pembeni. Uvimbe mdogo ulikuwa umezibana pale zinapopishana. Zilizobaki zilipitisha mwanga wa kutosha mboni kunywea, kwa hiyo tochi haikuona kasoro. Angechelewa, angepoteza na mbele.

Uvimbe ulitolewa Nairobi. Upande wa kulia ulirudi, wa kushoto ukarudi kidogo. Nyambura amelea watoto wake palepale nyumbani kwetu, na mama alimpenda mpaka alipozikwa, ingawa hakuwahi kutamka neno pole. Alizoea tu kusimama mbele yake kabisa akiongea naye, hata kama ni habari ya chumvi.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu akibadilika, usimpe jina kabla hujamuuliza anaumwa wapi. Na mwili ukikuonyesha dalili, usiridhike na kipimo kimoja kilichosema ni mzima. Mungu akulindie macho yako, na akupe nyumbani mtu wa kukuulizia.

Nimemuuliza Nyambura mara nyingi ni lini pembeni palianza kupotea. Anasema hapakuwa na giza. Dunia ilipungua tu, naye hakuiona ikipungua. Mpaka leo hajui ilianza lini.