Figo Moja Haikutosha

Mithika alitoa figo yake ya kushoto mwezi wa Agosti 1993, katika hospitali moja ya Nairobi, akampa binti yake Carol aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa mkulima wa viazi huko Kibirichia, Meru, na hakuwahi kulazwa popote kabla ya hapo. Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama Carol amekojoa. Muuguzi akamwambia amekojoa. Mithika akageukia ukutani, akalia.

Furaha hiyo ilidumu miezi minane. Kisha miguu ya Carol ikaanza kuvimba tena na mkojo ukawa wa kudondoka. Daktari Mbogo, mtu wa Embu aliyekuwa akimtibu, alikata kipande kidogo cha ile figo mpya akakituma ng'ambo kikapimwe. Majibu yalipofika, aliwaita Mithika na mkewe Ntinyari ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

"Figo yako haikuwa na kasoro, mzee," alisema. "Imejaa chumvi ngumu, kama vumbi la kokoto. Hiyo ndiyo iliyoziua zake za kwanza."

"Imetoka wapi? Ni hizi nduma tunazokula?"

"Si chakula. Ini lake ndilo linaloitengeneza. Amezaliwa nalo hivyo."

"Bado nina figo nyingine, Daktari."

"Hata ungekuwa nazo kumi. Ini likibaki lile lile, zitaziba zote. Ilifaa abadilishiwe ini na figo kwa pamoja, au ini litangulie, figo ifuate. Ulaya kuna watoto waliofanyiwa hivyo. Hapa kwetu hakuna anayefanya. Nisamehe. Sikujua nilichokuwa natibu."

Barua ziliandikwa kwenda ng'ambo. Jibu lilipokuja kwamba mtoto anaweza kuonwa, Carol hakuwa tena mtu wa kupandishwa ndege. Alifariki Februari 1995.

Lakini siku ile ofisini daktari alikuwa amesema jambo jingine, na Mithika akajifanya hakusikia: ugonjwa huu uko katika damu ya wazazi wote wawili, na yule mdogo apimwe. Mdogo alikuwa Winfred, wa miaka minne.

Tangu mazishi, Mithika hakuwa na raha. Winfred akienda chooni, babake alisimama nje akisikiliza. Mtoto akishika ubavu, hata kama ni kujikuna tu, chakula kilimkauka Mithika mdomoni. Hata hivyo, kila Ntinyari alipotaja kipimo, alichukua jembe akatoka.

"Mama Carol, niache nimwone akiwa mzima kidogo," alimwambia siku moja.

"Kwani wewe unamwona mzima?" Ntinyari akamjibu. "Mimi nakuona ukimzika kila asubuhi, na yeye anacheza hapo."

Ntinyari alikinga mkojo wa mtoto kwa siku nzima, usiku na mchana, kwenye mtungi wa plastiki alioosha kwa maji ya moto, akaupeleka mwenyewe Meru mjini ili utumwe Nairobi.

Siku ya majibu walienda wote watatu kwa Daktari Mbogo. Mithika alifika mlangoni mwa ofisi, akarudi nyuma. Akakaa kwenye benchi akimpakata Winfred, na Ntinyari akaingia peke yake. Alikaa huko muda mrefu. Kila kiatu kilichopita kwenye ujia kilimpasua Mithika moyo. Mkewe alipotoka, alijua kabla hajasema.

"Anao," Ntinyari alisema.

Daktari Mbogo alitoka nyuma yake, akachuchumaa mbele ya benchi. "Nisikilize, mzee. Figo zake bado nzima. Carol tulimpata zimeshakufa. Kuna vidonge vya vitamini ambavyo ini la baadhi ya watoto huvitii. Tutamjaribu. Na maji, anywe mpaka achoke. Siku moja atahitaji ini, ila tukiwahi, atahitaji ini tu."

Vidonge vilisaidia. Chumvi kwenye mkojo ilipungua karibu nusu. Shuleni mwalimu alimruhusu Winfred kuweka chupa ya maji juu ya dawati na kutoka bila kuomba, na watoto wenzake wakamwita Mfereji. Jina hilo halikumuudhi.

Kufikia mwaka 1999 figo zake zilikuwa bado zinafanya kazi. Kila miezi mitatu alipimwa, na siku tatu kabla ya kipimo Mithika aliacha kula. Mara moja tu alimuuliza daktari kama baba anaweza kukatwa kipande cha ini. Akaambiwa kuna nchi zimeanza, na kwamba kwa mtu mwenye figo moja watafikiri mara mbili. Aliitikia kwa kichwa, akamwambia Winfred amalize maji yake.