Kuku Alisema Mimi ni Mzima

Titi la kushoto lilikuwa limeshakatwa nilipopigwa picha ya kifua pale Shinyanga. Daktari aliinua picha dirishani, akasema kuna doa kwenye pafu. Huenda ni kovu la zamani, huenda ugonjwa umehamia. "Rudi baada ya miezi mitatu, mama."

Mama mkwe hakungoja miezi. Alinipeleka kwa mfumu, mganga wetu wa Kisukuma, nikamtemea kifaranga mate mdomoni, kisha akapasuliwa. Ndani alikuwa safi. Basi, mimi mzima. Kesho yake nilipewa kikapu nikavune pamba, na mkono wa upande uliokatwa haukupanda kupita bega. Nilipolalamika, mume wangu alisema, "Kwani kuku hukumwona?" Niliwachukia wote, pamoja na kuku wao.

Miezi mitatu ilipokwisha nilikwenda peke yangu. Daktari aliitazama picha mpya kwa muda mrefu. Doa lilikuwa vilevile. Akasema bado hajui, nirudi baada ya mitatu mingine.

Nilipofika nyumbani sikumsalimu mtu. Niliingia kwenye banda la kuku, nikamchagua mimi mwenyewe kifaranga wa kumtemea mate.