Mwalimu Aliyeua kwenye Video

Nilikuwa kidato cha pili hapa Ifakara, miaka ya tisini, siku nilipomwona mwalimu wetu wa Kiingereza akimnyonga mwanamke kwenye banda la video. Alikuwa Mwingereza mpole, mwenye baiskeli ya kike na kofia ya majani. Kwenye filamu alikuwa kijana zaidi, lakini pua ilikuwa ileile, na vile vidole virefu vilivyoshika chaki kila asubuhi. Mwanamke alipotulia, mwalimu akatabasamu. Nilitoka nje picha haijaisha.

Kesho yake tulikuwa na mazoezi ya mchezo wa kuigiza, na yeye ndiye aliyetufundisha. Nilisimama mlangoni mwa bwalo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umesimama huko?"

Rafiki yangu, niliyekwenda naye video, akaropoka: "Mwalimu, tumekuona jana ukiua mtu."

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba alisomea uigizaji London, na mwaka wa kwanza wote walifundishwa kupumua na kuanguka tu. Baadaye alipanda majukwaani miaka mingi, akiigiza mtumishi, akibeba sinia na kusema, "Ndiyo, bwana." Filamu zilipomwita, zilitaka sura yake.

"Sura ya muuaji," alisema. "Nimeua wengi. Mpaka mama yangu alianza kufunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo."

Kisha akaniambia nimnyonge.

"Anayenyongwa ndiye anayefanya kazi. Wewe weka mikono tu."

Niliweka. Shingo ilikuwa ya moto, imelowa jasho. Akakoroma, macho yakamtoka, akaanguka kwenye saruji, kimya. Nilipiga kelele mpaka mpishi akaja mbio na mwiko. Ndipo mwalimu akainuka, akajipangusa vumbi.

"Umeona? Sasa zamu yako kufa."

Siku ya wazazi nilikufa vizuri kupita kiasi. Nikiwa nimelala pale chini nilisikia yowe la mama, aliyekuja kutoka kijijini Namawala asubuhi ile. Alipanda jukwaani, akamsukuma rafiki yangu aliyeninyonga, akanivuta kifuani. Mchezo uliishia hapo.

"Mama, tunaigiza," nilinong'ona.

"Nyamaza," alisema, vidole vikitafuta mapigo shingoni mwangu. "Nyamaza kwanza, nisikie."