Ndizi Mbivu Nyuma ya Gari la Mashindano

Redio yetu iliharibika wiki ile ile goti la baba lilipokataa kabisa kukunjika. Redio ilikuwa na fundi wake mjini Kisii. Goti halikuwa na fundi, na kwa bahati mbaya lilikuwa la kushoto, la kukanyagia klachi. Baba alikuwa ameshapatana na kijana wa jirani aje Jumapili achukue funguo za pikapu, awe akitupelekea ndizi sokoni Keumbu.

Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Manga nachuma majani chai na kukata mikungu, na hakuna kitu nilichokitaka duniani kama usukani wa pikapu ile. Nilikuwa nimekalia kiti chake cha kushoto tangu miguu yangu haijafika chini. Nilijua mlio wake inapotaka gia ya pili na mlio wake inapoomba huruma. Kijana wa jirani yeye aliteremka milima bila gia yoyote, ati anaokoa petroli, na hata ng'ombe walishamjua wakawa wanampisha mapema. Nilipomwambia baba anifundishe mimi, alinijibu bila hata kuniangalia.

"Gari ni la kubeba mzigo, mama. Wewe unataka mbio."

Liliniuma jibu hilo, kwa sababu lilikuwa kweli tupu.

Ijumaa hiyo, baada ya kushusha ndizi Keumbu na kumbakishia mama mkungu mmoja mbivu wa Sabato, tulienda mjini pamoja, baba akiendesha kwa kukunja uso kila alipobadilisha gia. Aliegesha karibu na soko akaenda kutafuta tairi, akanituma mimi kwa fundi wa redio. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi iliyotengeneza redio za watu wa kwetu tangu kabla sijazaliwa. Mwenyewe alikuwa ameinua miwani hadi kwenye kipaji cha uso, na redio yetu imelala mbele yake matumbo nje.

"Bado kidogo, dada. Ingia chumba cha nyuma ukae."

Huko nyuma nilikuta vijana wanne wamejibana kwenye benchi mbele ya televisheni. Kwenye kioo magari yalikuwa yanakimbizana kwenye barabara ya mlimani, rangi zinang'aa hadi mawingu yanaonekana juu ya boneti. Nikasimama hapo nimeduwaa.

"Mashindano haya ni ya nchi gani?" niliuliza.

Wee! Walicheka hadi mmoja akateleza kutoka kwenye benchi. Aliyekuwa mwisho akainua mikono kunionyesha kidude cheusi chenye vifungo, wenyewe walikiita pedi. Yale magari alikuwa anayaendesha yeye! Mpwa wa mwenye duka alikuwa ameileta mashine hiyo kutoka ng'ambo, na mjomba akaona heri wateja waichezee kuliko kumsumbua akitengeneza redio zao.

"Siste, jaribu. Lakini si rahisi. Hii gari inateleza kama gari ya ukweli."

Nilikaa, pedi mkononi. Taa nyekundu, taa nyekundu, kijani! Nikabana kifungo cha mafuta kwa nguvu zangu zote. Kona ya kwanza ilipofika nilifanya mambo mawili ambayo mtu yeyote aliyekulia Manga angeyafanya: nilibana upande wa kushoto wa barabara, na nikaanza kutafuta honi. Kwetu kona haikatwi kimya kimya. Nilibonyeza vifungo vyote, honi hakuna, na gari likaingia ukutani uso kwa uso.

"Honi ya nini, manze? Unaamsha nani?" mmoja aliuliza, machozi ya kicheko yakimtoka.

Nilikasirika nikaanza upya. Nikagonga. Nikaanza tena, nikagonga tena, safari hii kwa mgongo. Halafu nikawauliza kama gari lile halina gia. Wakasema zipo, ila wao wanaiachia mashine ibadilishe yenyewe. Nikawaambia wanipe gia zangu. Hapo ndipo utamu ulipoanza! Niliacha kuangalia namba zinazowaka pembeni, nikasikiliza injini tu, na injini ile ilikuwa inaongea lugha ninayoijua. Inalia, napandisha. Inanguruma kwa shida, nashusha. Nilipita gari la bluu. Nikapita la njano. Vijana wakaanza kupiga kelele, na mimi napiga kelele kuliko wao, nimesimama, kitambaa cha kichwa kimeanguka sijui wapi. Sijawahi kufurahi namna ile ndani ya nyumba ya mtu. Nikamaliza wa tatu, nikaruka juu.

"Bono, redio iko wapi?"

"Bono" ni "sasa" kwa Kikisii chetu, na aliyeuliza alikuwa baba, mlangoni, ameegemea fremu kupumzisha goti. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Kijana mmoja akamwachia nafasi. Baba akakaa polepole, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, akaiangalia televisheni kama anavyoangalia gari la kununua.

"Nimekuona," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Umekuwa wa tatu. Lakini ile kona ya daraja, ungekuwa na ndizi nyuma, zingefika uji."

"Tata, hili ni gari la mashindano. Halibebi ndizi."

"Wewe weka. Mikungu kumi, ndizi zote mbivu. Endesha."

Vijana wakaangaliana. Mimi nikaelewa upesi. Hakuwa anatania. Jumapili ilikuwa keshokutwa, na mzee huyu alikuwa ananipa mtihani mbele ya watu, kwenye televisheni ya Mhindi.

Nikaanza. Baba aliinamisha mwili kila kona, mguu wake mzima ukikanyaga breki isiyokuwepo. Kona ya kwanza nilichelewa kushika breki, matairi yakalia.

"Mkungu mmoja," alisema.

Nikapanda juu ya ukingo wa barabara kidogo tu.

"Miwili. Huo wa pili ulikuwa mkubwa."

Vijana wakaanza kuingia kwenye mambo. "Buda, hapo je? Hapo si zimegongana?" Baba akakataa, "Yaya, hapo amepita vizuri." Mwenye duka naye akaja na bisibisi yake mkononi, akauliza kuna nini, akaambiwa dada amebeba ndizi. Hakuuliza zaidi. Alivuta kiti.

Nilifika mwisho na mikungu mitano. Nikaomba tena. Raundi hiyo nikabaki na minane. Jua lilikuwa linaenda, na kwetu Sabato huingia jua likizama. Siku nyingine zote baba angekuwa ameshanikokota hadi kwenye gari. Safari hii alisema tu, "Ya mwisho."

Raundi ya mwisho sikukimbia. Nilianza kama wengine, nikawa wa nne, na gari la bluu likawa mbele yangu hapo hapo, mkia wazi, ningelipita kwa kubana kidogo tu kwenye daraja. Vidole vyote vilikuwa vinawasha. Vijana wakapiga kelele, "Pita! Pita, siste!" Nikalitazama likienda zake. Nikashusha gia kabla ya kona, si ndani yake. Nikateremka mlima ule kwa gia niliyoupandia, kama baba anavyoteremka. Nyuma magari yakanipigia kelele za injini, nikasogea kando, nikayapisha moja moja. Furaha yangu haikupungua hata kidogo, na hilo lilinishangaza. Nilikuwa nimebeba kitu, nilikuwa nakisikia kimelala nyuma yangu kwa amani.

Nikamaliza wa mwisho kabisa. Vijana wakashika vichwa. Mwenye duka akauliza, "Ngapi?"

Baba aliinuka. Alichukua redio, akalipa, akawaaga wote kwa mkono, akachechemea hadi nje. Nikamfuata, hasira zimenipanda shingoni. Hata neno moja?

Aliendesha, tukapita Keumbu, hadi tulipoingia ile barabara ya udongo ya kwetu, ambayo saa hizo haina watu. Hapo akasimamisha pikapu. Akashuka, akazunguka mbele ya gari akijishikilia boneti, akafungua mlango wa kushoto, mlango wangu.

"Sogea kule," alisema. "Nyuma kuna mkungu wa mamako. Huo si wa televisheni."

Niliushika usukani. Kabla hata sijawasha injini nilipiga honi. Baba akashtuka, akaniuliza naamsha nani. Nilikuwa nacheka. Gari likazimika mara mbili kwa sababu ya klachi, kisha likakubali, tukapanda kwa gia ya kwanza, kona kwa kona, na kila kona nikipiga honi.

Mama alitusikia kabla ya kutuona. Alitoka jikoni akasimama, akamwona baba akishukia mlango wa kushoto, akashika mdomo. Baba hakumsalimia. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akauinua mkungu, akaanza kuzigeuza ndizi moja baada ya nyingine kwenye mwanga uliobaki. Mimi nilibaki kando ya gari, funguo nimezifumbata.

Akasimama kwenye moja. Ilikuwa na doa jeusi ubavuni.

"Hii niliiponda mimi asubuhi," alisema, "pale darajani tukienda mjini. Mguu ulikataa."

Akaimenya, akaila yeye mwenyewe hapo hapo, amesimama kwa mguu mmoja. Kisha akaingia ndani kuoga kwa ajili ya Sabato, na funguo hakuniomba.