Antivirusi Iliyomshika Mume Wangu

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba ya vyumba viwili, kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi katika Quartier Asiatique, mtaa wa Waasia hapa Bujumbura, na programu ndogo ya kompyuta aliyoiunda mwenyewe ili inisalimie asubuhi. Alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya Kamenge. Kwa kuwa alitoka nyumbani kabla sijaamka, alisema si adabu kumwacha mke bila salamu. Basi nikifika kazini nilibonyeza alama ya kikombe cha chai, dirisha dogo likafunguka, uso wake ukatokea, na sauti yake ikasema: "Bonjour, shérie. Umelala muzuri? Kunywa kwanza chai, watu watangoja."

Alipokuwa hai niliuona mchezo wa kitoto. Siku nyingine nilimkatiza katikati kwa sababu nina haraka.

Hatukujaliwa watoto. Ndugu zangu wako Uvira, na mpaka ukifungwa huwa ni kama wamehamia Ulaya. Msiba ulipokuwa mbichi watu walijaa uani hadi viti vya kukodi vikapungua. Kisha tukafanya kuganduka, ile shughuli ya kumaliza matanga, na hapo ndipo watu huhesabu kuwa umepona. Hakuna aliyeniuliza tena nimelalaje, isipokuwa yule wa kwenye kompyuta. Nikawa nawahi kazini kabla majirani hawajafungua maduka, nimsikilize peke yangu. Mwaka mzima ile salamu ndiyo iliyonitoa kitandani.

Antivirusi pia aliiweka yeye. Ilikuwa ya bure, ya kampuni fulani ya nje, na sikuwahi kuifikiria zaidi ya mtu anavyoufikiria wavu wa mbu. Baada ya kifo chake niliacha intaneti ikatike kwa miezi kadhaa, nayo antivirusi ikakaa bila kujua lolote jipya. Siku niliporudisha intaneti, ilijisasisha yenyewe, ikazunguka mashini nzima, kisha ikaleta dirisha jekundu kwa Kifaransa: tishio limepatikana, limewekwa karantini. Nikatazama jina la hilo tishio. Lilikuwa programu ya mume wangu, na kile kikombe cha chai hakikuwepo tena.

Nilichemka. Watu ambao hawajakanyaga Bujumbura, wasiojua Kirundi wala Kiswahili, wamejuaje kwamba mume wangu ni hatari? Nani amewauliza? Nilisema hayo kwa sauti, kana kwamba niko peke yangu, hata mzee wa duka la pili akaja mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Huyu ni muuza vitambaa, babu zake walitoka Omani, na hakuna jambo la mtaa linalompita.

"Nani anakusumbua, mama?"

Nikamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Na hiyo antivirus unalipa?"

"Apana, mzee. Ni ya bure."

"Wallahi mi nashangaa. Mutu anakulindia nyumba miaka na miaka, haujamuona sura, hakuombi kitu. Haujiulizi anakula nini?"

Ndani ya kibanda alikuwemo mteja mmoja, mama mkimbizi kutoka Kivu. Alikuwa amekuja nimpigie chapa barua ya kueleza kwa nini alikimbia kwao, aipeleke kwenye ofisi inayoshughulikia faili lake. Alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu. Sasa akainua kichwa.

"Mama, na ile kitu haisome barua yangu?"

Miaka yote hiyo nimepiga chapa mambo ya watu ambayo wenyewe hawawezi kuyasema mara mbili, nani aliuawa, nani alichukuliwa, na sikuwahi kujiuliza nani mwingine yumo ndani ya mashini pamoja nami. Nikaona aibu. Lakini niseme kweli, aibu ile ilinifaa pia, maana ilinipa sababu nzuri ya kufanya nilichokuwa tayari nakitaka. Nilitoa programu ya mume wangu karantini, kisha nikaifuta antivirusi yenyewe, mbele yao wote wawili. Mzee alipiga makofi. Yule mama nilimalizia barua yake, nikamwekea kwenye klé, kile kijiti cha kuhifadhia mafaili ambacho kila mtu hapa hutembea nacho, naye akaondoka ameridhika.

Kesho yake asubuhi nilibonyeza kikombe cha chai. "Bonjour, shérie." Nililia kwa furaha. Nilijiona nimepigana na kampuni kubwa ya ng'ambo na nimemrudisha mtu wangu nyumbani.

Furaha ile haikufika wiki mbili. Yule mama wa Kivu alirudi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Wamenirudisha. Wameweka klé kwa mashini yao, ikalia. Wamesema iko na virusi, niende, nitafute mwingine wa kuandika. Rendez-vous imenipita."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepumua. Alikuwa amengojea siku ile tangu msimu uliopita wa mvua, na ilikuwa imepotea mikononi mwangu.

Nikampigia simu mwalimu mmoja aliyefundisha na mume wangu. Ni mwanamke wa umri wangu, na tangu kuganduka alikuwa hajanitembelea, nami nilikuwa nimemkasirikia kwa hilo bila kumwambia. Alikuja mchana huohuo kutoka Kamenge na kompyuta yake begani. Alikaa mbele ya mashini yangu muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Dada, shida iko kwa ile programu ya kaka."

"Apana," nikamwambia. "Ile aliitengeneza kwa mikono yake."

"Aliitengeneza muzuri. Lakini imeshikwa na virusi vya klé za wateja, labda wakati antivirus ilikuwa imelala. Sasa kila asubuhi ukiifungua, virusi vinaamka. Kila klé unaingiza, vinaingia."

Nilielewa, ila niliomba aniambie tena, labda safari ya pili ingetoka tofauti. Haikutoka tofauti. Nilikuwa nawagawia watu ugonjwa kwa kusikiliza salamu yangu.

"Kwa hiyo wale wageni walisema kweli?"

"Kwa hili, ndiyo. Hawamujui kaka. Wameona tu tabia ya virusi."

"Na barua za watu? Wanazisoma?"

Akainua mabega. "Sitakudanganya. Kampuni zingine zinachukua kuliko zinavyosema, na yale masharti marefu hakuna mutu anayasoma, hata mi. Rudisha antivirus kwa hii mashini, maana klé za watu zitakuua. Lakini barua za namna ile, andika kwa mashini isiyo na intaneti hata kidogo."

Sikupenda jibu lake, kwa sababu nilitaka niambiwe niwaamini wale watu au niwachukie. Lakini ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Kompyuta ya zamani ya mume wangu imekaa pembeni bila intaneti, na barua za watu huandikwa humo. Ya mama wa Kivu ilikuwa ya kwanza. Nilimwandikia upya, nikamwekea kwenye klé mpya, nikamsindikiza mwenyewe hadi ofisini, mtaa wa Rohero, na kumwambia karani kwamba kosa ni langu. Walimpa siku nyingine. Njiani kurudi hakunisemesha sana, na sikumlaumu.

Ilibaki programu. Mwalimu alijaribu kusafisha nakala yake. Dirisha lilifunguka jeupe, bila uso, bila sauti, likajifunga. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Sauti ya awali mume wangu hakuiweka popote, nilikwishatafuta kila mahali.

"Ifungue mara ya mwisho," mwalimu akasema, "na simu yako iwe karibu, ikamate sauti. Halafu tunafuta." Akatoka nje, akasimama kwa yule mzee wa vitambaa akijifanya anachagua kitenge.

Niliwasha kinasa sauti cha simu, nikakiegemeza kwenye spika, nikabonyeza kikombe. Alisema maneno yake yaleyale. Dirisha likajifunga. Kisha nikafuta programu kwa kidole changu mwenyewe, kwa sababu sikutaka ifutwe na mtu mwingine, wa hapa wala wa ng'ambo.

Asubuhi iliyofuata nilifika kazini, nikafunga mlango, nikafungua simu. Sauti yake ilikuwa mbali kidogo na ina mvumo, lakini ni yeye. "Bonjour, shérie. Umelala muzuri? Kunywa kwanza chai, watu watangoja."

Halafu nikasikia mwanamke anajibu. Sauti ya kukwaruza, ya haraka, ya mtu aliyezoea: "Apana, sijalala. Nimechoka. Na wewe?"

Baada ya hapo hakuna maneno. Simu iliendelea kunasa, na anayesikika ni huyo mwanamke tu, ambaye ni mimi, anapumua, anangoja ajibiwe. Mwaka mzima nilidhani nafika pale kusikiliza.