Godoro la Koti la Mutunga

Siku hizi mtoto hajazaliwa, kitanda chake tayari kimenunuliwa mjini, na hakuna ajuaye nguo yake ilishonwa na nani. Zamani, kwetu Migwani, hukugusa sindano kabla mtoto hajalia. Sababu ilikuwa wazi. Mtoto wa kwanza, akiwa wa kiume, huitwa jina la baba wa baba yake. Akiwa wa kike, la mama wa baba yake. Na hulazwa juu ya nguo kuukuu ya yule aliyempa jina. Sasa utakata nguo ya nani kabla hujajua?

Mbula, mjane wa kaka yangu Mutunga, alilijua hilo kuliko sisi sote. Vigodoro vya watoto wa kijiji kizima alivishona yeye, kwa mkono, akivijaza pamba ya shamba lake aliyoichambua mbegu moja moja. Lakini mwaka wa 1972 mke wa mwanawe Kiema alipokuwa mjamzito, habari ilifika kwamba mama yake msichana, Kalunde wa Kibwezi, amenunua cherehani na sponji.

"Cherehani!" Mbula aliniambia. "Shemeji, mjukuu wangu atalala juu ya kitu cha dukani?"

"Si ni mjukuu wake pia?"

Akaniangalia kama niliyemtukana.

Wivu ulimla hata akasahau mila yake mwenyewe. Alikata leso yake bora, ile ya zambarau, akaishona na kuijaza, miezi miwili kabla ya wakati. Alikuwa na hakika atazaliwa msichana, Mbula mdogo. Nilimwonya. Akasema mimi nimesoma magazeti mengi mno.

Akazaliwa mvulana.

Nilimkuta ameketi mlangoni, kigodoro cha leso magotini. Mtoto angepewa jina la Mutunga siku ya tatu, na nguo ya Mutunga iliyobaki ilikuwa moja tu: koti la kazi ya reli, ambalo Mbula alijifunika nalo tangu tumzike kaka yangu. Hakuruhusu hata mwanawe alivae.

"Acha alale kwenye leso," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Kalunde atajua."

Akalikata. Hata kwenye kola makasi hayakusimama. Alishona siku mbili mfululizo, bitana ikiwa upande wa juu ili sufu isimchome mtoto.

Siku ya jina Kalunde alikuwa ameshafika, amejitanda kitambaa kipya, sponji yake imefunikwa nailoni ya waridi. Nzilani, mzazi mwenyewe, aliwatazama mama yake na mkwewe, asijue amlaze mtoto wapi. Mbula hakumngoja. Alitandika koti, akamlaza mtoto.

"Mutunga," akasema, "hapa ni kwako."

Mtoto akakojoa papo hapo.

"Ona sasa!" Kalunde akasema. "Pamba hiyo itakauka lini, mama Kiema? Yangu unaipangusa tu."

"Anakojolea koti lake mwenyewe, mama Nzilani. Wewe linakuuma nini?"

Wanawake wakacheka mpaka Nzilani akashika tumbo lake kwa maumivu. Kalunde naye alicheka, akaiegemeza sponji ukutani, akakubali ameshindwa. Kisha akainama, akamwinua mtoto ambadilishe nguo.

"Mwache mume wangu!" Mbula akamwambia, maana mwenye jina la mumeo ni mumeo.

Kabla hajamaliza kusema, mtoto akakojoa tena. Mkojo ukamwenea Kalunde kifuani, kwenye kile kitambaa kipya.

"Haya, mama Kiema," Kalunde akasema, akijitazama. "Koti umempa wewe, lakini baraka amenipa mimi."

Kwetu mkojo wa mtoto mchanga ni baraka, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mbula hakucheka. Alimpokonya mtoto, akambana kifuani pake, akamngoja. Alimngoja mpaka chai ikapoa. Mtoto alilala usingizi mzito, mkavu kabisa.