Ugoro wa Kupuliziwa

Mara ya kwanza nilipomwona mzee yule nilidhani anakufa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimetoka zamu hospitalini, naegesha gari kwenye zile apatimenti zetu za Alief, mtaa wa hapa Houston. Alikuwa kwenye roshani ya chini, mkabala na ngazi yangu, ameinamia beseni. Machozi yanamtiririka, kohozi linaning'inia mdomoni, mikono imekamata magoti. Nikatupa mkoba, nikaruka ukuta mdogo wa roshani na sare yangu ya unesi, nikamshika mkono kutafuta mapigo ya moyo. Yalikuwa yanakimbia. Akanionyesha kiganja: subiri. Nikasubiri. Akatema, akapenga kamasi, akajifuta uso kwa taulo, kisha akaniangalia na kucheka.

"Sijafa," alisema kwa Kiingereza chake cha Kibrazili. "Ninaoga kichwa kwa ndani."

Juu ya kiti kulikuwa na kichupa cha unga wa kahawia na kitu cha mfupa kilichopinda kama kiwiko. Niliunusa ule unga kwa mbali tu, nikapiga chafya.

"Ugoro!" nikasema kwa Kiswahili, peke yangu. Nyumbani Singida bibi yangu alikuwa nao kwenye kifuko kiunoni.

Nilikuwa nimeishi pale karibu mwaka mzima bila kujua jina la jirani hata mmoja. Mume wangu alipofariki niliuza nyumba yetu ya Pearland, maana vyumba vilikuwa vinanizomea. Hapa Houston mtu anatoka mlangoni anaingia ndani ya gari, anatoka ndani ya gari anaingia mlangoni. Unaweza kumaliza wiki hujasemeshwa na mtu ambaye si mgonjwa wako. Kwa hiyo mzee aliponiuliza kama nakunywa kahawa, nilikaa, ingawa nilikuwa nasinzia.

Alizaliwa Acre, magharibi kabisa mwa Brazili, na mama yake alikuwa mtu wa msituni. Tumbaku yao, alinieleza, ni kali kuliko ya sigara. Huikausha, huitwanga na majivu ya magome ya miti, huichekecha mpaka iwe laini kama poda. Tofauti na bibi yangu, wao hawaivuti puani wenyewe. Mtu mwingine huweka kiasi kidogo kwenye mrija mrefu, akakupulizia pua moja, kisha ya pili. Kabla ya hapo mnatazamana, kila mmoja anasema moyoni anachokuombea.

"Mke wangu ndiye aliyekuwa akinipulizia, miaka yote, mpaka alipofariki," alisema. "Sasa natumia hiki kifupi. Upande mmoja mdomoni, upande mwingine puani. Najipulizia mwenyewe."

"Kwetu tunasema kinyozi hajinyoi," nikamwambia, nikamfafanulia.

Alikigeuza kile kifupi mkononi. "Kweli," alisema. "Ninajikatakata."

Tangu siku hiyo nikawa nashuka nikiwa na nafasi. Alikuwa na miiko yake na aliitaja kwa ukali, kama mama anayefundisha kuwasha jiko la mafuta. Ukae wima, tumbo likiwa tupu. Kiasi cha punje ya maharage, kisizidi. Upumulie mdomoni, uzuie koo, unga usishuke kifuani. Ukitiririka kooni uuteme, usiumeze. Mrija wako usimwazime mtu. Mjamzito asiuguse, mgonjwa wa moyo asiuguse. Ukishapuliziwa usishike usukani mpaka kichwa kitulie. Na usinunue kwa mtu usiyemjua, maana hujui amechanganya nini.

"Na mnatumia mara ngapi?" nilimuuliza.

"Kukiwa na sababu," alijibu. "Kabla ya kazi nzito. Ukiwa na huzuni. Pakiwa na jambo."

Ila nilikuwa namwona. Roshani yake inatazamana na dirisha la jiko langu. Asubuhi alikuwa ameinamia beseni, na mchana, na nikirudi jioni. Huzuni yake haikuisha, kwa hiyo sababu nayo haikuisha.

Siku moja nikashuka na kipimo cha presha. Nilipima mara mbili kwa kutoamini namba.

"Mzee, umeshamwona daktari?"

"Hii ni dawa ya babu zangu."

"Babu zako walikuwa na watu wa kuwapulizia na watu wa kuwaambia basi. Wewe una nani?"

Akaingia ndani, akarudi na mrija mrefu wa mianzi uliofungwa kwa uzi mwekundu. Akauweka mapajani mwangu. "Basi nipulizie wewe. Mara moja kwa wiki, na sitajigusa tena mwenyewe. Naapa."

Nilimpigia dada yangu Singida kumweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Umekwenda Marekani kumpulizia mzungu ugoro?" Kisha akasema taratibu, "Lakini mdogo wangu, huyo haombi ugoro."

Nilijua. Na nilitamani kukubali. Nilikuwa sijatazamana na mtu kwa karibu kiasi hicho tangu mazishi. Lakini nilimrudishia mrija wake. Nikamwambia, kwanza kwa daktari, na nitampeleka mimi.

Daktari alikuta moyo wake unadunda ovyo. Tumbaku yoyote, ya kuvuta, ya kutafuna, ya kunusa, basi. Tulipofika nyumbani mzee alifunga mlango wake taratibu, na wiki zikapita pazia lake halijafunguliwa. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, namtazamia dirishani.

Alikuja mwenyewe, asubuhi moja, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nimeumwaga kwenye sinki," alisema. "Wote. Nimekuja kukaa tu."

Tukakaa. Tuliweka viti vikatazamana, tukanyamaza kwa muda ambao mke wake angemwombea. Akafumba macho. Mimi nikasema moyoni niliyokuwa nayo. Kisha tukanywa kahawa. Tulifanya hivyo kila nilipokuwa na mapumziko, na presha yake ikashuka polepole.

Kiangazi kilipofika, binti yake akaja kumhamishia kwake Haltom City, mwendo wa saa nne kwa gari, asiishi peke yake. Lilikuwa jambo jema na nilisaidia kubeba maboksi. Baadaye niliendesha gari mpaka huko kumwona. Binti alikuwa kazini, wajukuu shuleni, naye amekaa sebuleni na televisheni ambayo hakuitazama. Alinishika mikono yote miwili. Tulivuta viti tukatazamana mpaka binti aliporudi, ndipo nikashika njia ya kurudi Houston.

Kwenye apatimenti yake wamehamia mtu na mkewe, vijana, sijui wa wapi. Jumapili iliyopita nilipika pilau, nikapakua sahani, nikawagongea. Mlango ulifunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Yule mwanamke alitazama sahani, akanitazama mimi, akafungua mnyororo, akapokea kwa mikono miwili. Akashukuru, akafunga.

Sahani bado wanayo. Sijaiulizia. Nangoja waje nayo.